Choo cha Jua

Baba,

Sikusalimu. Kila nilipokupigia simu kutoka huko ninakosoma, ulijibu "Ejok, ejok noi," mambo mazuri, mazuri sana, na nyuma yako nilisikia mbuzi na upepo wa Kakuma ukitikisa mabati, nami nikaamini. Salamu zako zilifunika mengi. Kwa hiyo leo hazipo. Nimekuja kugombana nawe, na kwa mara ya kwanza huwezi kunikatiza kwa kuniambia niongee pole pole.

Niko Lodwar, kwenye benchi la saruji nje ya wadi ya wanawake. Mama yuko ndani, amelala. Ana mshono tumboni. Najua ungetaka nianze na habari njema ili msikilizaji atulie, halafu zile nyingine zifuate zikiwa zimepoa. Sitafanya hivyo. Naanza na ulichofanya wewe.

Ulijitafsiria ugonjwa wako mwenyewe.

Aliyeniambia ni Furaha, yule mama Mkongo mliyegawana meza moja pale zahanati ya kambini, yeye akiwatafsiria wagonjwa wa Kifaransa na wewe ukiwatafsiria Waturkana. Alinivuta kando siku ya mazishi yako, watu wakiwa bado wanakunywa chai. "Dada," alisema, "ile siku daktari alisema mingi, papa yako akasema kidogo. Alisema kisu. Alisema Lodwar, alisema wasingoje. Mie Kingereza changu ni cha kuokota, lakini kisu naijua. Na mama yako akatoka mule akiwa anacheka. Mutu wa kuambiwa vile hawezi kutoka anacheka."

Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili wala Kiturkana. Mama hajui Kiingereza. Mkalimani wa Kiturkana aliyekuwa zamu siku hiyo ulikuwa wewe, na mgonjwa ulikuwa wewe. Hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyeona kuna kasoro. Faili lako, nililolisoma baadaye, linaonyesha daktari alieleza kwamba uvimbe wa maji umekua kwenye ini lako, ule ugonjwa ambao kwetu hupitia kwa mbwa, kwamba unatolewa kwa upasuaji, kwamba ukiachwa unaweza kupasuka wenyewe na kukuua hapo hapo. Alisema mkeo aelezwe vizuri, kwa kuwa ndiye atakayekuuguza.

Nilimwuliza Mama ulimwambia nini. Alijibu bila kufikiri, kama mtu anayerudia jambo ambalo halina ubishi: "Daktari alisema ni joto. Baba yako anywe maji, apumzike. Ni hayo tu."

Ni hayo tu. Nililijua hilo neno kabla sijajua kusoma. Ndivyo ulivyofunga kila tafsiri, kwa kiganja kilichogeuzwa juu, kuonyesha kwamba hukubakiza kitu mkononi.

Miezi michache baadaye uvimbe ulipasuka, wewe ukiwa Nakalale kwa ndugu yako, ukinywesha mbuzi. Hukufika hata barabarani.

Nataka ujue kwamba nilikuwa najivunia wewe, ili uelewe ukubwa wa hasira yangu. Nilikuwa mdogo, umenishika mkono pale kwenye bomba la maji karibu na laga ya Tarach, mto wetu wa msimu wa mvua. Mfugaji mmoja wa kwetu na kijana mmoja wa Sudan Kusini waligombania foleni. Mfugaji alipiga fimbo chini na kusema kwa Kiturkana kwamba atampasua yule kijana kichwa na mbwa watalamba. Nilimsikia wazi. Kila mtu akakugeukia. Wewe ukatulia, ukamtazama yule kijana, ukasema kwa Kiswahili: "Anasema ana kiu sana." Yule kijana akamtazama mfugaji, akaona mzee mwembamba mwenye midomo iliyokauka, akasogeza mtungi wake. Mfugaji akabaki na fimbo yake hewani, hajui afanye nini nayo. Ukageuza kiganja. "Ni hayo tu."

Wakati wa kurudi nyumbani nilikuambia, "Baba, hakusema hivyo." Ukasema, "Akiru, maneno yakitoka kwa mtu yanakuwa ya moto. Kazi yangu ni kuyapooza kabla hayajafika." Nililibeba jibu hilo mpaka chuo kikuu. Sitanii. Nilipotakiwa kuchagua cha kufanyia utafiti, katika mambo yote ya fizikia, nilichagua namna ya kupooza moto kabla haujafika ukutani. Nilidhani nimechagua mwenyewe.

Likizo yangu ya mwisho ulikuja kunipokea hapa Lodwar, tukaketi kwenye kibanda cha chai, ukaniuliza hasa ninafanya nini huko. Nilikueleza kwa Kiswahili, polepole, nikijivunia kila neno nililolipata. Kwamba ndani ya kinu cha nyuklia, gesi hupashwa joto mpaka atomu zake zinavunjika na kuwa plazma, moto mkali kuliko moyo wa jua, ili viini vya atomu viungane na kutoa nguvu za umeme. Kwamba hakuna chungu cha kuushika moto huo, kwa hiyo tunauning'iniza katikati kwa sumaku, usiguse kitu. Kwamba hata hivyo sumaku haizibi kabisa. Pembeni daima kuna joto linalovuja, na likishavuja halitawanyiki, bali hufuata njia ya sumaku na kutua chini mahali pamoja, kwenye ukanda mwembamba kama ukindu wa kusukia kikapu. Na majivu ya moto wenyewe hutolewa huko huko. Sakafu ya hapo ni ya metali ngumu kuyeyuka kuliko zote tulizo nazo, lakini joto lote la pembeni likiishukia wima, nayo inayeyuka. Kazi yangu ni kuzuia hilo.

Uliniuliza mahali hapo panaitwaje kwa Kiswahili. Nikasema hapana jina. Ulinitazama kwa huruma, kwa sababu hukuwahi kukubali kwamba kuna kitu kinachoweza kuvuka kutoka lugha moja na kukosa pa kulala katika nyingine.

Kesho yake tukiwa sokoni Kakuma, mbele ya akina mama wote, ukatangaza: "Huyu binti yangu anajenga choo cha jua."

Nilitaka ardhi inimeze. Yule mama anayeuza samaki wakavu wa Lowarengak ndiye aliyeanza. "Choo cha jua! Na hili letu linajisaidia wapi? Si hapa hapa Turkana, vichwani mwetu?" Mwingine akadakia: "Wewe Akiru, umeitwa jina la mvua, halafu unatuletea jua la pili? Hili moja limekukosea nini?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wewe ulicheka kuliko wote. Mpaka leo nikipita soko lile naulizwa choo kimefika wapi, kama kimeshaezekwa.

Miaka yangu yote ya kusoma, Baba. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hukukosea. Nimejaribu maneno mengine yote. Hakuna lililo sahihi kama lile.

Lakini chai ilikuwa imeisha na gari la Kakuma lilikuwa limefika, kwa hiyo sikukueleza nusu ya pili, na hiyo ndiyo iliyokuhusu. Sikiliza sasa.

Sakafu ile hatuiokoi kwa kuupunguza moto. Moto ukipungua hakuna kinu, hakuna umeme, hakuna chochote. Tunachofanya ni kupuliza gesi baridi kidogo pale pembeni, karibu na sakafu. Gesi hiyo inalipokea joto linaloshuka na kulirusha kama mwanga, kila upande, hivyo ukuta wote unapata vuguvugu badala ya sehemu moja kutobolewa. Joto ni lile lile. Halikufichwa wala halikupunguzwa. Limesambazwa. Ukipenda, tunaweka mkalimani kati ya moto na ukuta. Wakati mwingine nikifanya mahesabu yangu, nilikuona pale.

Sasa, kosa ambalo kila mwanafunzi wa fani yetu hulifanya walau mara moja kwenye kompyuta ni hili. Anaona sakafu inapoa, anafurahi, anaongeza gesi. Sakafu inapoa zaidi. Anaongeza tena. Kila kipimo cha pembeni kinaonyesha usalama. Asichokiona ni kwamba ubaridi umeshaacha ukingo, unapanda, unaingia ndani. Ukifika kwenye moyo wa moto, moyo unazimika ghafla, sumaku inakosa cha kushika, na nguvu zote zilizokuwa zimetunzwa mle zinaupiga ukuta kwa mpigo mmoja. Ukuta ule ule aliokuwa akiuhurumia. Ungeweza kuambiwa uvumilie kidogo na ungevumilia. Badala yake unapasuka bila kujua kilichokuja.

Unapooza ukingo, Baba. Hupoozi moyo. Huhitaji shahada kujua tofauti. Ulihitaji kumtazama mkeo anavyotoka mlangoni akicheka.

Na huo haukuwa mwisho wake. Mbwa wale wale waliolamba vyungu ulivyolia wewe walilamba vya Mama pia. Mimi nilipomwona anashika ubavu wa kulia kila anapoinama kuwasha moto, sikungoja. Nikamleta hapa Lodwar. Kupigwa picha ya tumbo alikubali, alisema picha haina meno. Picha ikaonyesha uvimbe kama wako, umekaa mahali pale pale.

Daktari wa hapa ni kijana wa bara, anaongea Kiswahili kizuri, lakini unajua Kiswahili cha Mama, ni cha kuuzia mbuzi. Kwa hiyo nilitafsiri mimi. Nikasimama ulipozoea kusimama, katikati yao, nikiwa nimeapa kwamba kitakachotoka mdomoni mwangu ni kile kilichoingia masikioni. Nikamtupia Mama yote kwa pumzi moja. Uvimbe, kisu, utapasuka, utakufa kama Baba.

Alinitazama, akamtazama daktari. Kisha akafunga shuka yake vizuri begani.

"Mwambie huyu mtoto," alisema, "mume wangu aliambiwa na madaktari wenzake apumzike. Akapumzika. Anapumzika mpaka leo. Mimi sitaki kupumzika, nina mbuzi."

Akatoka.

Daktari akaniuliza amesema nini. Nikwambie kitu? Neno lako lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu: "Anasema atafikiria." Lilikuja lenyewe, laini, na kiganja changu kilikuwa kimeanza kugeuka. Nilikichukia hicho kiganja. Nikamwambia daktari maneno ya Mama yote, hata lile la kumwita mtoto. Alikunja uso. "Lakini nani alimwambia mgonjwa wa uvimbe ule apumzike?"

Hapo ndipo uliponiacha, Baba. Katika yote uliyoniachia, uliniachia hapo. Nikinyamaza, jina lako linabaki safi: mzee wa maneno mazuri, aliyeuawa na madaktari wazembe, na Mama anarudi kwa mbuzi wake na kufa akikuheshimu. Nikisema, anaishi, labda, lakini anaishi akijua kwamba ulimtazama usoni na kumdanganya. Ndugu yako kule Nakalale alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba maiti haisutwi. Nilitoka nje kumfuata Mama nikiwa bado sijui nitasema nini.

Alikuwa ameketi chini ya ukuta, upande wenye kivuli. Nilikaa karibu naye, mabega yakigusana. Na nilipofungua mdomo nilikuwa nimeshaelewa nilichokosea mle ndani. Nilimwaga yote mahali pamoja. Nilimfanya yeye kuwa ile sakafu.

Nikaanza upya, kwa Kiturkana cha kwao Namoruputh, kile anachoongea akiwa na dada zake. Nilisema kipande kimoja, nikangoja. Nilimshika mkono. Nilisema kipande kingine. Kwamba daktari wa kambini hakusema joto. Nikangoja. Kwamba hakusema pumzika. Kwamba alisema upasuaji, na alisema usicheleweshwe, na alitaka yeye Mama aelezwe. Kwamba maneno yalifika kwako na hayakutoka. Sikupunguza hata moja. Lakini nilichukua muda mrefu, kivuli kilituhama na tukakifuata.

Kisha akasema, si kwangu:

"Siku ile nilifurahi sana. Tuliporudi nilimpikia chai. Niliweka sukari nyingi."

Ni hilo tu alilosema juu yako. Ulikunywa, Baba? Ulikunywa ile chai?

Halafu akasimama, akajipangusa vumbi, akanisukuma mbele yake kuelekea mlangoni. "Aseme tena. Na wewe useme yote. Ukimaliza nitakuuliza kama ni hayo tu, na ole wako."

Aliuliza. Kila daktari alipovuta pumzi, Mama alinigeukia: "Ni hayo tu?" Mara mbili nilikuwa nimeruka jambo dogo bila kukusudia, nikarudi nikalisema. Daktari alidhani ni desturi ya kwetu.

Tulipewa siku ya kurudi, tukaenda Kakuma kupanga mbuzi wataachiwa nani. Huko ndiko alikofanya jambo ambalo pengine umeshalisikia, maana lilitembea kambini haraka kuliko upepo. Ekicholong chako, kile kigoda cha mti ulichokalia mchana na kuegemezea kichwa usiku, tangu ufe hakuna aliyekigusa. Mama alikitoa nje, akakiweka mbele ya nyumba, akakikalia. Mwanamke, juu ya kigoda cha mume wake, mbele za watu, anachambua mtama. Jirani alipita akashika mdomo. "Mama Akiru! Hicho ni cha mzee!"

"Mzee anapumzika," Mama akasema, na akaendelea kuchambua.

Nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia nilikutafuta kwa macho, mjinga mimi, kwa kuwa wewe ndiye ungeifurahia kuliko wote.

Jana walimpasua. Uvimbe ulitoka mzima bila kuvuja. Leo alipopata fahamu sawasawa daktari alikuja, akaeleza, nami nikatafsiri: kwamba imekwenda vizuri, kwamba kuna kivimbe kingine kidogo upande wa nyuma ambacho hawakukigusa, kwamba kuna dawa za muda mrefu na huenda kisu tena siku za mbele. Nilitamani kukiacha kile kidogo. Alikuwa amechoka, midomo imekauka. Nani angejua? Nilikisema. Nilikisema polepole, nikiwa nimemshika mkono, baada ya kumnywesha maji, lakini nilikisema.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, namna anavyotazama maji ya laga kabla ya kuruhusu mbuzi wanywe. Kisha akafumba macho.

Watu wananiuliza kwa nini ulifanya vile. Wengine wanasema uliogopa kisu. Furaha anasema ulitaka Mama apate siku za kucheka. Mimi sijibu. Hukuacha maneno, na mimi siyaongezi. Ulitafsiri watu maisha yako yote, wewe hutatafsiriwa. Utakaa hivyo hivyo, na ulichofanya kitabaki kama kilivyo.

Sijakusamehe. Nasema hivi bila kupandisha sauti. Nitarudi kwenye kinu changu, nitaendelea kupuliza gesi baridi pembeni, kidogo kidogo, jicho langu likiwa kwenye moyo wa moto na si kwenye sakafu peke yake. Mama ameshawaambia manesi ninachojenga. Jina ulilolitangaza sokoni limefika wadini, na mmoja wao ameniuliza kama kitakuwa na upande wa wanawake.

Ahadi yangu ni moja. Jeraha likipona nitamleta Mama Nakalale, mpaka kwenye mawe ya kaburi lako. Ana ya kukwambia. Tayari anayapanga, namsikia akinong'ona usingizini, na si machache, na hayajapoa. Nitamfikisha, nitamwekea kigoda chako akalie, kisha nitasogea mbali kando ya mbuzi. Sitasimama katikati. Yatakufikia kama yanavyotoka.

Mpaka siku hiyo, lala.

Ni hayo tu, Baba. Mara hii ni kweli.

Akiru